Sista na Vipande Vyetu

Sista hakuwa mtu wa kupendwa haraka, na mimi sikumpenda hata polepole. Nilimjua kwa miaka kumi na miwili hapa Garsen. Nimekula kwake, naye amelala kwangu mafuriko yalipokata barabara, lakini zilikuwapo siku nikisikia sauti yake nje ya duka langu la kushonea, nainamia cherehani nijifanye sipo. Sasa amehamia Kinakomba kwa kaka yake, analima ndizi, na watu wakiniuliza habari zake nasema sijui. Alikuwa muuguzi. Huku kwetu muuguzi wa kike huitwa sista, lakini ukisema Sista bila kuongeza jina, mji mzima ulijua unamsema yeye.

Alikuwa mrefu, mkavu, mikono imechubuka kwa sabuni ya miaka mingi. Alinawa mpaka kwenye viwiko hata akialikwa harusini, wali umeshapakuliwa na watu wamekaa wanamngoja. Hakupenda kuambiwa asante. "Asante ya nini?" alikuwa akiuliza. "Umepona au hujapona?" Mjamzito akichelewa kliniki alimgombeza mbele ya wenzake mpaka machozi yamtoke, kisha jioni unamkuta Sista huyohuyo anakanyaga tope kwenda kijiji cha Hewani kumpelekea yule mwanamke vidonge alivyovisahau.

Na alikuwa na neno lake. Ukimwambia kwamba fulani amelogwa, au mke wa fulani ni tasa, au mtoto wa fulani si wake, alikukata katikati: "Nani alitazama?" Basi. Kama hakuna aliyetazama, hakutaka kusikia. Watu walimwona ana kiburi. Mimi nilidhani ndivyo alivyofunzwa chuoni. Nilikuja kujua baadaye kwamba neno lile lilikuwa likimkereketa mwenyewe kooni.

Kanisani kwao, nilihadithiwa na majirani zangu, kila Jumapili watu walipoitwa kutoa maombi Sista alisimama akamwomba Mungu asimsamehe mtu mmoja. Hakumtaja. Mchungaji alimwita pembeni akamwambia hiyo si sala. Sista akamjibu, "Mungu ataichuja. Yangu ni kuipeleka." Mimi ni Mwislamu wa Kipini, mambo ya kanisa si yangu, lakini nilipoisikia habari hiyo nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Mtu huyo nilimjua. Hata mimi nilikuwa nikimwombea hivyohivyo.

Alikuwa daktari. Miaka hiyo alikuwa na kliniki yake mwenyewe mjini, na alipendwa. Nisiseme uongo, alipendwa sana. Mpokomo alimwamkia kwa Kipokomo, Muorma kwa Kiorma, na mimi aliniuliza habari za Kipini kana kwamba tulikua mtaa mmoja. Mwanamke akienda na maumivu ya tumbo, au damu ya mwezi inayozidi, alimlaza kwenye skani, akamgeuzia kioo na kumwonyesha kidole kwenye weusi. "Unaona hapa? Ni uvimbe. Ukiuacha, utageuka kansa." Sisi tulitazama weusi ule na kutikisa kichwa. Nani angebishana? Wiki ya pili unalazwa, unatolewa kizazi, unarudi nyumbani umejishika tumbo, unamshukuru Mungu na daktari.

Aliyempa vifaa katika chumba cha upasuaji alikuwa Sista.

Nieleze kidogo, maana wengi wetu hatukulijua hili. Kizazi kikitolewa, hakitupwi hivihivi. Hukatwa kipande, kikatiwa dawa ya kukihifadhi, kikapelekwa maabara kubwa, mtaalamu akakitazama kwa darubini na kuandika alichokiona: uvimbe, au kansa, au hakuna kitu. Ndivyo mwanamke anavyojua alikatwa kwa sababu gani. Daktari wetu hakupeleka hata kimoja. Vyote viliishia katika shimo nyuma ya jengo, pamoja na pamba chafu.

Sista alinisimulia mwenyewe jinsi alivyoanza, siku moja tukichambua mchele uani kwake. Aliletwa mwanamke kijana sana, akakatwa, na kile kilichotolewa kikabaki kwenye beseni.

"Nilikiosha, nikakigeuza," alisema, macho yake kwenye ungo. "Nimeona vizazi vibovu vingi, Mama Saida. Kile kilikuwa kizima kabisa. Nikamwuliza, daktari, hiki tusikipeleke kikatazamwe? Akaniambia, Sista, kazi yako ni kunipa vifaa."

Siku ile alikata kipande kwa siri. Alikuwa na mwenzake waliyesoma pamoja, sasa yuko maabara Mombasa. Alikitia kwenye kichupa cha dawa, akakifunga ndani ya leso, akakipeleka kwa basi. Majibu yalirudi: tishu ya kawaida, hakuna ugonjwa ulioonekana. Akakata cha pili. Akakata cha tatu. Aliendelea hivyo, mchana akimpa daktari kisu, jioni akifunga vichupa. Na wale waliotangulia, waliokatwa kabla hajaanza, hawana majibu mpaka leo. Walimjia baadaye wakamwuliza, "Na mimi je, Sista?" Aliwajibu bila kuwazungusha: "Chako sikukitazama." Wengine walimtemea mate. Alijifuta, akasubiri kama kuna la zaidi.

Mimi nilikuwa na miaka thelathini na miwili na binti mmoja, Saida. Karatasi ya kukubali ilitiwa sahihi na mume wangu. Mwaka haukwisha akaoa mke mwingine huko Witu, kwa sababu alitaka watoto wa kiume. Nilipokatwa nililia siku tatu, aliponiacha sikulia. Nilishona. Nilishona sare za shule mpaka vidole vikafa ganzi, na kila aliyenipa pole nilimwambia ni heri, ningekufa kwa kansa.

Halafu siku moja asubuhi Sista akaja dukani kwangu na bahasha.

"Uko peke yako?"

"Kama unavyoona."

Hakukaa. Aliitoa karatasi, akanisomea kama anayesoma tangazo ukutani. Misuli ya kawaida. Ukuta wa ndani wa kawaida. Hakuna uvimbe. Hakuna seli za kansa.

"Maana yake nini?" nilimuuliza, ingawa nilikwisha elewa.

"Maana yake hukuwa mgonjwa wa kukatwa. Zile damu zingetulia kwa dawa."

Nilikuwa nimeshika pasi ya makaa. Nilimrushia. Haikumpata, ilipiga mlango ikafunguka, makaa yakamwagika juu ya kitambaa cha mteja. Sista akainama, akaokota makaa yale mojamoja kwa vidole vyake, akayarudisha ndani ya pasi, akaisimamisha vizuri. Kitambaa kikatoboka pawili tu. Kisha akaniuliza kama naweza kusimama mbele ya watu nikasema yaliyonipata. Nikamwambia naweza kusimama hata juu ya kaburi la mtu yule. Akasema, "Bado yuko hai. Tuanze na hapo."

Tangu hapo nikawa naandamana naye. Ndipo nilipomwona alivyo, na alinishangaza. Chuki yake ilikuwa safi kama vifaa vyake, hakuitia uchafu. Mjini ulizuka uvumi kwamba daktari alikuwa akiuza vizazi vyetu kwa waganga. Watu waliwaka. Mwingine angeuacha uvumi umalize kazi. Sista alisimama siku ya soko, katikati ya wauza maziwa, akapaza sauti: "Huo ni uongo. Hakumuuzia mtu. Alivitupa shimoni, na hata kutazama hakuvitazama." Nadhani lile la pili lilituumiza zaidi.

Vilevile, si wote walioonewa. Vipande vingine vilirudi na uvimbe wa kweli. Hao Sista aliwapelekea majibu yao kwa sauti ileile, na wakianza kumlaani daktari aliwakataza. "Wewe alikukata kwa haki. Usijitie katika kesi ya wenzako."

Na alikuwapo Mama Habiba, mke wa mfugaji, Muorma wa bara huko ng'ambo ya vichaka vya miiba vya mathenge. Kipande chake kilirudi na kansa. Kizazi kilikwisha tolewa, lakini maabara iliandika kwamba mizizi imekwisha penya ukuta wa kizazi, kwa hiyo huenda imebaki mwilini mwake, naye alikuwa nyumbani anakamua ng'ombe, hana habari. Tulitembea asubuhi nzima kumtafuta. Alitukaribisha kwa maziwa, akasikiliza, akashika karatasi kichwa chini miguu juu.

"Mimi hapana jua kusoma," alisema. "Daktari nasema mimi nimepona."

"Daktari hakutazama, mama," Sista akamwambia. "Mimi nimetazama. Hujapona. Leo hii unafunga mzigo, kesho tuko Mombasa."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe wana wenyewe. Wewe una nani?"

Mama Habiba alikaa Mombasa miezi, akachomwa kwa mionzi, akarudi amekonda kama ufito. Leo anauza maziwa pale stendi, mzima. Akimwona Sista alikuwa akimshika mikono yote miwili, na Sista alikuwa akiichomoa. "Umepona au hujapona?" Mama Habiba anacheka. "Nimepona, nimepona."

Kwa hiyo ningeweza kumpenda. Nilikuwa karibu.

Tulipeleka mashitaka Nairobi, mbele ya baraza linalosimamia madaktari. Tulikwenda wanawake sita, na Sista na mkoba wake wa karatasi. Siku ya kusikilizwa karatasi zilipangwa mezani kwa tarehe, ya kwanza kushoto, ya mwisho kulia. Mimi ni fundi, jicho langu huenda kwenye mishono. Niliitafuta yangu. Kushoto kwake zilikuwapo nyingine nne, zote zimeandikwa hakuna ugonjwa, zote zimerudi kabla ya siku niliyokatwa. Ya kwanza ilitangulia kwa miezi minne.

Nilikumbuka taa za chumba kile. Nilikumbuka macho mawili juu ya barakoa, na sauti iliyoniambia, "Vuta pumzi, Mama Saida." Ilikuwa yake. Hilo nililijua siku zote, na nilikwisha jiambia kwamba alikuwa mtumishi tu, hakujua. Sasa tarehe zilikuwa mezani.

Nilimngoja kwenye korido.

"Uliponilaza pale ulikuwa umejua."

Alinitazama. Hakusema hapana.

"Mbona hukuniambia niondoke? Neno moja tu, Sista. Ondoka."

"Nilitaka ushahidi utoshe," alisema. "Kwa mmoja au wawili wangesema maabara imekosea."

"Kwa hiyo mimi nilikuwa ushahidi."

Wakaita jina lake ndani, naye akaingia. Alitoa ushahidi mzuri, uliopangika, hakutetereka. Kuhusu nani alishika nini ndani ya chumba kile, hakuulizwa, na hakusema.

Daktari alisimamishwa kazi kwa muda. Ndiyo haki tuliyopata, muda. Ulipokwisha alipata kibali tena, akaenda kufungua kliniki Hola, ambako hawakumjua vizuri. Mimi nilikuwa nimekwisha kata mguu kwa Sista, hatusemezani. Lakini habari zinafika, na hizi nilizipenda.

Sista alihamia Hola. Alipanga chumba, na kila siku asubuhi alibeba kigoda chake akakaa upande wa pili wa barabara, akilitazama lango la kliniki mpya. Hakumtukana mtu. Mwanamke akielekea langoni alimwita kwa adabu. "Dada, samahani. Wakikwambia unatolewa kitu, waulize kipande kitapelekwa maabara gani, na majibu utayapata lini." Basi. Mwanamke anaingia, anauliza. Mara ya kwanza, wanasema, daktari alijibu kwa tabasamu. Baada ya wiki alikuwa akipiga meza. Wanawake wakaona mtu anayeulizwa swali dogo hivyo anapiga meza, wakachukua vitambaa vyao wakatoka. Aliita polisi. Askari alikuja, akamkuta bibi kizee amekaa juu ya kigoda, barabara ya serikali.

"Mama, unafanya nini hapa?"

"Nafundisha watu kuuliza."

Askari alikosa kosa la kuandika. Siku chache baadaye alimpitisha mkewe mwenyewe pale kwenye kigoda. Karibu mwaka mzima Sista alikaa pale, jua la Hola linamchoma kichwa, mpaka kliniki ikabaki na walinzi tu, kisha hata walinzi wakaondoka. Nilipopata habari kwamba kibao kimeng'olewa nilifunga duka, nikampikia Saida pilau siku isiyo ya sikukuu. Sikumtumia Sista salamu.

Daktari alirudi Garsen kwenye nyumba yake, na hapo kiharusi kikampiga. Upande wote wa kulia ulikufa, na ulimi pia. Nilifurahi. Sitaki mtu adhani sikufurahi. Kisha nikaambiwa jambo lililonifanya niache mkasi juu ya meza: Sista amerudi, na kila asubuhi anaingia katika nyumba ile kumuuguza. Daktari amepata kidonda cha mgongo kwa kulala, na mkewe amemwomba Sista, kwa sababu hakuna mwingine hapa anayejua kusafisha kidonda cha namna ile kisiingie mfupani. Na anafanya bure.

Nilikwenda kwake siku hiyohiyo, baada ya miaka miwili ya kutosemezana. Nilimkuta anaanika.

"Kumbe ulikuwa ukimwombea apone?" nilimwambia, hata salamu sikutoa.

Alibana nguo kwenye kamba. "Karibu, Mama Saida. Umekonda."

"Nijibu."

"Kidonda ni kidonda. Siwezi kukiacha kioze, sikufunzwa hivyo." Akachukua nguo nyingine. "Njoo kesho saa mbili. Kesho ni wewe."

"Ni mimi nini?"

"Njoo."

Nilikwenda. Mkewe alitufungulia, akatupisha, akaenda jikoni. Chumba kilikuwa na harufu ya dawa na jasho. Daktari alikuwa amelalishwa ubavu, mdomo umeenda upande, macho yapo. Macho yalinitambua, nina hakika. Sista alinawa mpaka viwikoni. Alifunua bandeji, akasafisha kidonda kwa maji ya chumvi, akakipima, akakifunga upya, kwa upole ambao mimi hakuwahi kunipa hata siku moja. Akamgeuza, akamwekea mto. Kisha akavuta kiti mpaka mbele ya uso wake, pale asipoweza kumkwepa, akakunjua karatasi.

"Leo ni Mwanaesha," alisema. "Fundi wa nguo, mtu wa Kipini. Miaka thelathini na miwili, mtoto mmoja. Ulimwambia ana uvimbe. Kipande chake kimetazamwa. Misuli ya kawaida, ukuta wa ndani wa kawaida. Hakuna uvimbe. Hakuna seli za kansa."

Kila siku mmoja, kumbe. Kila asubuhi, kidonda kikishafungwa, mwanamke mmoja na majibu yake. Mtu yule hakuwa na ulimi wa kukatiza wala mguu wa kuondokea. Nilisikia joto likinipanda kifuani, na lilikuwa tamu, siwezi kulikana.

Nilidhani amemaliza. Hakuwa amemaliza.

"Aliyemkata ni wewe," Sista alisema, sauti haikubadilika. "Aliyekupa kisu ni mimi. Na nilikuwa najua."

Jicho moja la mgonjwa lilitoa machozi. Sijui kama kilikuwa kilio au ni jicho la kiharusi tu. Sista alilipangusa kwa pamba, akaitupa pamba kwenye ndoo.

Tulitoka uani. Jua lilikuwa limekwisha kuwa kali. Alisimama anakausha mikono, hanitazami.

"Lile la mwisho," nilimwambia. "Huwa unalisema kila siku, au leo tu kwa sababu nipo?"

"Kila siku."

"Liseme tena. Unitazame mimi, usimtazame yeye."

Akainua kichwa.

"Nilimpa kisu, Mwanaesha. Na nilikuwa najua."

Nilingoja aongeze pole, nipate kuikataa. Nilikuwa nimeliandaa jibu langu tangu kwenye korido ile ya Nairobi, limeiva. Hakuongeza kitu. Alisimama tu, mikono imekwisha kukauka, kama alivyosimama mbele ya wale waliomtemea mate, akisubiri kama kuna la zaidi. Sikumsamehe. Lakini sikutema.

"Kesho ni nani?" nilimuuliza.

Akanitajia mkulima mmoja wa mpunga, wa Hewani, mjane, aliyekatwa miezi miwili baada yangu.

"Anajua?"

"Majibu anayajua. Hili la hapa hajui."

Mchana ule nilifunga duka, nikaenda Hewani. Nilimkuta shambani, maji yamemfika magotini, nikamwita mpaka akatoka. Na asubuhi yake, saa mbili, niliingia naye chumbani mle, nikavuta kiti kingine nikakiweka karibu na kitanda, na kumwambia, "Kaa hapa, mama. Hapa utasikia vizuri."